Nilipasuliwa Moyo India kwa Jina la Dada Yangu

"Kovu lako liko wapi?"

Daktari aliniuliza hivyo mara tatu. Mara ya kwanza nilijifanya sijasikia Kiingereza chake. Mara ya pili nikacheka kidogo, kijinga tu. Mara ya tatu akafunua shuka, akanitazama tumbo, akarudi kwa faili, kisha akanitazama tena usoni.

Ilikuwa Jumatatu jioni, mwaka wa 2006, katika hospitali moja mjini Chennai, India. Kesho yake asubuhi nilikuwa nipasuliwe moyo.

Faili ilisema kwamba mwaka wa 2002 nilijifungua kwa upasuaji. Tumbo langu halikuwa na alama hata ya mkwaruzo.

Na faili haikuwa imekosea, jamani. Kila kitu kilichoandikwa mle kilikuwa kimetokea kweli. Mwongo alikuwa mimi niliyelala pale kitandani.

Ngoja nianze mwanzo. 

Jina langu ni Nabwile. Naishi Kanduyi, pale Bungoma, na kazi yangu ni kushona nguo. Dada yangu anaitwa Phelista, na tunafuatana. Ananizidi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Tangu utoto watu walituchanganya, hata mwalimu wa darasa la tatu aliwahi kunichapa kwa kosa la Phelista, naye akacheka mpaka akalia.

Phelista alisoma akamaliza. Akapata kazi ya ofisi Kitale, kwa shirika moja la wafadhili, akaolewa na Bethwel, mkulima wa mahindi kule karibu na mlima, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Mimi niliishia kidato cha pili, nikaolewa na Kizito, mwenye mashine ya kusaga unga. Kila mtu na riziki yake.

Sasa, shirika la Phelista lilikuwa na bima ya matibabu, na si ile ya mchezo. Kadi ya plastiki yenye kung'aa. Unaionyesha pale dirishani, unatibiwa, unarudi nyumbani kama mke wa waziri.

Mara ya kwanza nilipoitumia ilikuwa malaria. Nilikuwa nimemtembelea Kitale mwaka wa 2001, joto likanipanda ghafla. Phelista akafungua mkoba, akanipa kadi na miwani yake.

"Enda. Wakikuuliza, wewe ni mimi."

"Na wakijua?"

"Wajue nini? Si sisi ni wa mama mmoja?"

Nataka muelewe hapo vizuri kabla hamjaanza kunihukumu. Kwetu huo haukuwa wizi. Ukiwa na ng'ombe wa maziwa na dada yako hana, utakaa ukitazama watoto wake wakinywa strungi, chai isiyo na maziwa? Kadi tuliiona vile vile. Mtu aliyekuwa na kadi akamnyima ndugu yake, huyo ndiye angesemwa kijiji kizima.

Basi baada ya malaria likaja jino. Baada ya jino, kikohozi. Phelista naye akajifungua Chemutai wake kwa upasuaji katika hospitali ile ile. Yote yakaandikwa kwenye faili moja, jino langu na tumbo lake, kikohozi changu na macho yake. Karani wa pale alifikiri Phelista ni mwanamke mmoja mgonjwa sana.

Mwaka wa 2004 mwili wangu ukaanza kunisaliti.

Nikibeba ndoo ya maji, napumua kama nimekimbizwa na mbwa. Nikilala chali, nazama. Nikawa nalala kwa mito mitatu, halafu nikawa nalala nimekaa. Miguu ikifura, kidole kikiibonyeza kinaacha shimo. Watu wakasema nimerogwa na mteja niliyeharibu gauni lake la harusi.

Nilienda Kitale na kadi, kama kawaida. Wakanipeleka kwa daktari wa moyo. Akasikiliza kifua changu muda mrefu, akapiga picha, akanikalisha chini.

"Mama, valvu moja ya moyo wako imekaza. Hii imetoka utotoni, koo ikiuma na hakuna aliyeitibu. Bila upasuaji, ukiishi miaka miwili utakuwa umebahatika."

Akaandika ripoti ndefu, akapendekeza India. Juu kabisa ya ripoti aliandika jina: Phelista.

Tulikutana nyumbani kwa Mama, Myanga. Mama yetu Rahab, Phelista, Bethwel, Kizito na mimi. Mama alipika kuku lakini hakuna aliyemgusa vizuri.

Phelista ndiye aliyesema. "Nimesoma kitabu ya bima yote. Wanalipa upasuaji wa nje kama daktari ameandika rufaa. Rufaa tuko nayo. Wanalipa hata ndege, na mtu wa kukusindikiza."

"Rufaa iko na jina yako," Kizito akasema.

"Ndiyo maana ataenda akiwa mimi."

Bethwel, yule asiyesema, akasema. "Hii si malaria, Mama Chemutai. Hapa wanafungua mtu kifua."

Mama akamgeukia. "Sasa wewe mkwe wangu unataka tumzike huyu?"

"Sijasema hivyo, Mama."

"Basi umesema nini?"

Bethwel akainama akatazama kofia yake. Ni miaka mingi sasa, lakini bado naiona ile kofia.

Tukaanza safari ya makaratasi. Pasipoti ilikuwa ya Phelista, na picha yake. Nikanyoa nywele fupi kama zake. Nikafanya mazoezi ya sahihi yake kwenye karatasi zangu za kukatia nguo, usiku na mchana, mpaka Wekesa wangu akaniuliza kwa nini naandika jina la shangazi kwenye mkono wa blauzi. Huyo mtoto humwita Phelista shangazi, hata ukimkosoa vipi.

Fomu za bima zilikuwa nyingi. Kuna sehemu iliniganda. Ilisema kwamba mgonjwa akifa ng'ambo, bima itasafirisha mwili mpaka kwa mume wake.

Mume wa Phelista ni Bethwel.

Nikaona wazi vile itakuwa. Sanduku likifika Nairobi, karatasi zinasema Phelista, wanalipeleka Kitale. Kizito aanze kugombania mwili na shemeji yake mbele ya watu. Watoto wangu wasimame kando ya kaburi lenye jina la mtu aliye hai, naye amesimama pale pale. Nilifunga ile fomu nikaisukuma chini ya cherehani.

Nikasaini kesho yake.

Halafu likatokea jambo ambalo hatukulipanga. Wakati bima bado inazungusha makaratasi, Phelista akapata mimba.

"Hiyo si shida," alisema akicheka. "Wewe utaenda, utarudi, mimi nijifungue baadaye. Mungu anapanga vizuri."

Bima ikachelewa. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Phelista akavaa magauni mapana niliyomshonea mimi mwenyewe. Kliniki ya wajawazito alilipa kwa pesa yake ili bima isione mimba. Lakini alienda hospitali ile ile, na faili ilikuwa ile ile. Nesi akaifungua, akasoma ripoti ya daktari wa moyo, akachukua kalamu nyekundu na kuandika kwenye kadi yake ya kliniki kwa herufi kubwa: UGONJWA WA MOYO.

Phelista hangeweza kukana. Angekana, wangeuliza basi ripoti ni ya nani.

Kibali kilipotoka, mimba ilikuwa ya miezi minane. Na kwa kuwa ofisini walijua Phelista ameenda India, ilibidi Phelista apotee. Akaenda kujificha kwa Mama, Myanga. Haendi sokoni, haendi kanisani. Mgeni akipiga hodi, anaingia chumba cha ndani na kukaa kitandani kimya na tumbo lake.

Asubuhi ya kuondoka alinikumbatia akanivalisha miwani yake.

"Sasa wewe ndiye mimi," akasema. "Unitunze."

Uwanjani Nairobi, yule askari wa pasipoti alinitazama, akatazama picha, akanitazama tena. Moyo wangu mbovu ulipiga mpaka nikafikiri utamaliza kazi hapo hapo. Akagonga muhuri. "Safari njema, Phelista." Nilisahau kuitikia. Kizito akanisukuma mgongoni.

Hospitali ya Chennai ilikuwa safi mpaka nikaogopa kukanyaga. Kwenye karatasi Kizito alikuwa shemeji yangu. Akikaa kitandani kwangu, nesi anamfukuza. Akinishika mkono, nesi anakohoa. Siku ya pili akajisahau akaniita Mama Wekesa mbele yao, akatumia dakika kumi kueleza kwamba kwetu Wekesa ni jina la heshima. Tulicheka na Kizito baadaye, kicheko cha watu walio karibu kulia.

Usiku nilikuwa nalala nikijiambia: Phelista, Phelista, Phelista. Niliogopa dawa ya usingizi itanifungua mdomo niseme Nabwile.

Ndipo ikafika ile Jumatatu jioni.

Daktari wa dawa ya usingizi alikuwa mama mtu mzima, nywele zina mvi, sauti ya chini. Alivuta kiti akafungua faili iliyotoka Kitale.

"Kesho kabla ya kisu tutakupa dawa ya kuzuia vidudu, ya jamii ya penisilini," akasema. "Nimeona ulidungwa penisilini mwaka wa 2002, haikukusumbua. Vizuri."

Nikashika ukingo wa kitanda.

Kwa sababu mwaka wa 1997, kabla ya mambo ya kadi, nilidungwa penisilini katika kliniki moja ndogo. Midomo ikafura, koo likajifunga, nikaanguka. Nilizinduka sakafuni, Mama akinimwagia maji na kulia. Tangu siku hiyo Mama alikuwa akimwambia kila nesi: huyu na hiyo sindano, hapana. Lakini hilo lilikuwa jambo la Nabwile. Halikuandikwa popote kwenye faili ya Phelista.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Kizito alikuwa amenionya tangu Kanduyi: "Ukitaja jina yako, tumekwisha. Polisi, jela, dada yako kazi hana. Unyamaze tu, Mungu ataona."



Daktari akafunua ukurasa mwingine. "Na huu upasuaji wa kujifungua." Ndipo akauliza kovu liko wapi.

Nimewaambia aliuliza mara tatu. Sijawaambia nilichokuwa nawaza kati ya mara ya pili na ya tatu. Niliwaza Phelista amefungwa pingu akiwa na tumbo lile. Niliwaza wanangu Wekesa na Nekesa wakiambiwa mama hatarudi. Nikaona vile nitalala kesho, bomba mdomoni, wanidunge ile kitu, nife bila hata kuinua kidole. Niliogopa mambo yote mawili sawasawa. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada.

Kilichonifungua mdomo si ujasiri, msinisifu. Ni woga tu. Woga wa sindano ulishinda woga wa polisi.

"Daktari," nikasema, "mimi si Phelista."

Akavua miwani. Nami nikavua yangu, sijui kwa nini.

Nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Kadi. Dada. Sindano ya 1997. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akafunga faili, akatoka, akaniacha peke yangu na ile mashine inayolia pi, pi, pi.

Kizito akaingia. Alikuwa amewaona wakikimbizana na karatasi.

"Umefanya nini, Mama Wekesa?"

"Nimewaambia."

Akakaa sakafuni. Mwanamume mzima, akashika kichwa akalia.

Daktari alirudi na bwana mmoja wa ofisi, amevaa tai. Yule bwana alisema kwa ukali kwamba ametuma faksi Nairobi kwa watu wa bima, wamejibu papo hapo, na malipo yamesimamishwa. Akataka turudishwe kwetu.

Daktari akamgeukia. "Moyo wake hautamaliza hiyo safari. Ya pesa mtaongea naye akiwa hai."

Walibishana kwa lugha yao mbele yangu kana kwamba sipo. Mwisho Kizito akaambiwa asaini kwamba tutalipa. Akasaini bila kusoma. Angeambiwa asaini kuuza figo angesaini.

Daktari akaanza faili mpya. Akaandika juu: Nabwile. Akaniuliza kila ugonjwa, kila sindano, kila mtoto. Akanichoma mkononi tone dogo la ile dawa kwa majaribio, akiwa na dawa ya kuituliza kando. Kabla ya nusu saa ngozi ilikuwa imeinuka nyekundu, inawasha kama upupu.

Aliitazama muda mrefu. "Kesho tungekupa hii ukiwa umelala," akasema.

Alipotoka, Kizito akatoa simu yake. Tulikuwa tumeweka salio la kupigia nyumbani, la dharura tu.

"Niwapigie?" akauliza. "Wajue bima imekatika. Wajue umeshasema."

Nilifikiria Phelista kule Myanga, amejifungia, tumbo lile, presha imshike kwa habari yangu.

"Usipige," nikasema. "Mama Chemutai ana mimba, utamshtua bure. Tutawaambia nikishapona."

Kizito akarudisha simu mfukoni.

Jumanne asubuhi wakanisukuma ndani. Nilihesabu taa za dari mpaka ya saba.

Nikaamka na kifua kinachouma kana kwamba nimekanyagwa na trekta. Lakini nilikuwa hai, na nilipumua mpaka chini kabisa, pumzi ambayo sikuwa nimeivuta miaka miwili. Nililia kwa furaha. Nesi akaniita "Nabwile", na nikaitika.

Siku ya tano Kizito akapiga nyumbani. Alienda kuongelea nje kwenye korido. Aliporudi alisimama mbali na kitanda.

"Wanasemaje?"

"Wote wako sawa."

"Phelista amejifungua?"

"Utamwona ukifika."

Nilidhani amechoka.

Wiki tano baadaye tukafika Myanga. Hospitali ilitusamehe kiasi kwa mfuko wao wa maskini. Kilichobaki kilimeza mashine ya Kizito na shamba letu lote. Sikujali. Nilikuwa naenda kumwona mtoto wa dada yangu.

Uani kulikuwa na kamba ya nguo. Nguo za Mama, shati la Bethwel. Hakuna nepi hata moja.

Nilisimama pale. Nikajua kabla hata sijaambiwa.

Phelista alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti cha mbao. Alikuwa amekonda. Akainuka polepole, ameshika tumbo, akanikumbatia, akaweka sikio kifuani pangu akasikiliza moyo.

"Inapiga vizuri," akasema.

Mama ndiye aliyenieleza, maana Phelista hakuweza.

Uchungu ulimshika Jumatatu usiku, wiki tatu kabla ya wakati. Kwa sababu mtoto wa kwanza alitoka kwa kisu, wote walijua na huyu ni kisu. Wakamfikisha hospitali Bungoma saa kumi alfajiri, Jumanne. Daktari kijana, mzuri, mwepesi. Alikuwa tayari, ameshanawa mikono. Halafu nesi akampa kadi ya kliniki, na yale maandishi mekundu.

"Akamuuliza," Mama akasema. "'Mama, ni kweli uko na ugonjwa ya moyo?' Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nikamuangalia dada yako. Na yeye akaniangalia."

"Akasema nini?"

Phelista akajibu mwenyewe. "Nikasema ndiyo."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu aliyeyawaza maneno yale kila siku.

"Ningesema hapana, angepigia Kitale kuuliza. Kitale wangepigia bima. Na wewe saa hiyo walikuwa wanakuingiza. Nilijua saa, nilikuwa nimeandika kwa karatasi. Wangekuacha kwa meza, Nabwile."

Daktari aliogopa kumlaza usingizi mtu mwenye valvu mbovu, katika hospitali isiyo na mtaalamu wa moyo. Angefanya nini? Alifuata alichoambiwa. Akaandika rufaa ya Eldoret. Gari la wagonjwa likachelewa saa moja na nusu. Walipita Webuye jua limeshatoka. Mbele kidogo ya Webuye lile kovu la zamani likapasuka ndani.

Alikuwa mvulana. Bethwel alimpa jina, akamzika mwenyewe. Kizazi cha Phelista kilitolewa Eldoret ili damu isimame.

"Na wewe Mama ulikuwa hapo," nikasema. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na haki ya kuwa nayo. "Mbona hukusema?"

Mama akafunika uso kwa leso. "Nikisema, nakuua wewe. Nikinyamaza, nilifikiri Mungu atanisaidia na huyu."

Bethwel alikuwa amesimama mlangoni. Hakutukumbusha alichosema siku ile ya kuku. Angetukumbusha ningepumua kidogo.

Barua ya kufutwa kazi ilikuwa imemkuta Phelista wodini. Kwa hiyo alijua bima imegundua. Kitu kimoja tu hakukijua, akaniuliza jioni ile tukiwa wawili.

"Waligundua lini?"

Kizito alikuwa akipita, akasimama. Akanitazama.

"Baada ya upasuaji," nikasema. "Jumatano."

Phelista akashusha pumzi. Akanipapasa mkono.

"Basi haikuwa bure," akasema.

Ndugu zangu, mimi si daktari wala mtu wa bima, lakini nisikilizeni. Leo watu wanapanda ndege kwenda kutibiwa nje kama wanaenda Eldoret. Nenda, lakini nenda na jina lako, ugonjwa wako na faili yako, na kila sindano iliyowahi kukuangusha iandikwe. Bima yako isome mpaka pale pa mwisho panapoongea juu ya maiti, uliza usichoelewa. Na kadi usimpe mtu hata kama mlinyonya ziwa moja. Sisi tulidhani tunagawana kadi, kumbe tunagawana magonjwa. Kuna methali moja ya watu wanaoficha uchi, mnaijua. Mimi siwezi kuitamka nyumbani kwetu.

Nina moyo mzuri sasa, kila mwaka napimwa. Phelista huuliza majibu kabla sijafika nyumbani.

Siku hizi ana simu nzuri. Chemutai amemfundisha kufungua mtandao, na najua anasoma hizi simulizi kila jioni akimaliza kazi, maana hunisimulia. Nimejaribu kumwambia kwa mdomo mara nyingi, nikashindwa. Hata juzi tu tulikuwa tunapukuchua mahindi pamoja, wawili tu, nikashindwa.

Kwa hivyo naandika hapa, na wewe Phelista ukifika mstari huu uniite, saa yoyote, nitakuja.

Dada, haikuwa Jumatano. Nilisema kila kitu Jumatatu jioni, na bima ilikatika jioni hiyo hiyo. Ulipoulizwa pale Bungoma, hakukuwa na kitu cha kuficha tena. Kizito alikuwa ameshika simu mkononi akitaka kuwapigia, na mimi ndiye niliyemwambia asipige.